Panya wa Maabara Akishika Kalamu

Mnamo Novemba 1962, jarida la Novy Mir la kule Moscow lilichapisha hadithi ya mfungwa mmoja, katika kambi moja, kwa siku moja. Mwandishi, Aleksandr Solzhenitsyn, alikuwa mwalimu wa shule ambaye karibu hakuna aliyemjua. Alikuwa amekula miaka minane ndani kwa sababu ya barua alizoandika akiwa vitani, barua zilizomkosoa Stalin. Ghafla nchi nzima ikawa inamzungumzia. Kati ya waliomwandikia kumpongeza alikuwemo Varlam Shalamov, mfungwa wa zamani kama yeye, aliyepitia migodi ya dhahabu ya Kolyma, huko mwisho wa Siberia ambako baridi inaua.

Shalamov alimsifu kwa moyo. Halafu akauliza habari za paka. Katika hadithi ile kuna paka anayepita kambini. Paka gani huyo, Shalamov akataka kujua, na kambi gani hiyo? Alikokuwa yeye paka angeshaliwa kitambo. Na chawa wako wapi? Mbona askari hawawapigi watu kwa vitako vya bunduki ili kazi ifike kiwango? Akatania kwa uchungu kwamba kama kambi nzuri hivyo ilikuwepo, angependa kukaa humo hata mwaka mmoja.

Nilipokutana na kisa hiki mara ya kwanza nilicheka. Kwani chawa anabadilisha nini? Hadithi ni ya kubuni bana, si ripoti ya polisi. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma riwaya za jela, za Urusi na za hapa kwetu, ndivyo nilivyoona kwamba ule mjadala wa paka umebeba kila kitu. Nani ana haki ya kutuambia jela humfanya mtu nini? Na atatuthibitishia vipi?

Kabla sijaacha chuo katika mwaka wa pili, nilipata muhula mmoja wa nadharia za fasihi. Unaturalisti ulipewa kama nusu saa hivi. Ukatajwa, ukapigwa mstari, tukasonga. Uhalisia ndio tulioujua tangu sekondari, kwenye vitabu vya lazima: kazi inayoonyesha maisha yalivyo. Unaturalisti ni ndugu yake mdogo, na ni mkali zaidi. Wenyewe hauridhiki kuonyesha maisha yalivyo. Unataka kuonyesha kwa nini hayangeweza kuwa vingine. Mtu ni damu aliyorithi, mahali alipowekwa na wakati aliozaliwa. Ukivijua hivyo vitatu, mwisho wake unaujua.

Baba wa mtindo huu ni Émile Zola wa Ufaransa. Mwaka 1867 alitoa Thérèse Raquin, riwaya ya mwanamke na hawara yake wanaomuua mume wa huyo mwanamke, kisha wanaoza pamoja kwa hofu. Wakosoaji wakamwita mchafu. Katika dibaji ya toleo la pili, 1868, Zola akajibu kwamba amefanya tu kile anachofanya daktari anapopasua maiti. Mwaka 1880 akaandika insha ndefu akidai kwamba riwaya ni jaribio la kisayansi, hoja aliyoijenga juu ya kitabu cha daktari Claude Bernard. Kati ya 1871 na 1893 akachapisha riwaya 20 za ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi, kama mtu anayefuatilia ugonjwa ndani ya familia.

Na jamaa alifanya kazi yake. Kabla ya kuandika Germinal, iliyotoka 1885, alisafiri hadi machimbo ya makaa ya mawe ya Anzin, akashuka chini na wachimbaji, akaandika daftarini bei ya mkate, upana wa vitanda, watu wangapi wanalala chumba kimoja. Mle ndani ya riwaya kuna farasi ambao huteremshwa shimoni na hawaoni jua tena. Mmoja wao amekaa huko miaka kumi. Hakuna hotuba ndefu kuhusu dhuluma itakayokuingia kama farasi yule.

Sasa fikiria. Kama unaamini kwamba mahali ndipo panapomfinyanga mtu, ni maabara gani utakayoipata inayoshinda jela? Mlango umefungwa. Chakula kimepimwa. Nguo ni sare. Saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya kwenda choo, zote zimepangwa na mtu mwingine. Zola alilazimika kubuni ukoo mzima ili afanye jaribio lake. Serikali zilikuwa tayari zina majengo.

Ila maabara ina upande wa koti jeupe na upande wa panya. Zola alisimama upande wa koti. Sisemi hivi kumdharau. Mwaka 1898 alimtetea hadharani Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyefungwa kisiwani kwa uhaini ambao hakuufanya, na kwa utetezi huo Zola mwenyewe akahukumiwa mwaka mmoja jela. Alikimbilia London na hakuitumikia ile hukumu. Hata hivyo alilipa kwa jina lake na kwa amani yake, kitu ambacho waandishi wengi hawafanyi. Lakini alipotazama machimbo, alikuwa mgeni mwenye daftari. Jioni alipanda juu.

Hatari ya koti jeupe ni kwamba hutoa hukumu ya jumla. Mwaka 1876, Zola akiwa katikati ya riwaya zake, daktari Mwitaliano Cesare Lombroso alichapisha kitabu kilichodai kwamba kuna watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwatambua kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Zola naye mwaka 1890 akatoa La Bête humaine, ambamo kijana dereva wa garimoshi ana kiu ya kuua iliyo damuni mwake, imerithiwa, haina dawa. Kama riwaya inatisha vizuri. Kama sera ya serikali, ni balaa.

Na sera ilikuja, ikafika hadi hapa Kenya. Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimechacha, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari. Watu walikuwa wanadai ardhi. Ripoti ikazungumzia saikolojia yao, jinsi Mwafrika anavyofikiri na jinsi mabadiliko yalivyomvuruga akili. Kambini, wafungwa walipangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi, kulingana na kiasi walichodhaniwa kuwa "wameambukizwa". Ukihamishwa kutoka kambi hadi kambi, unapanda au unashuka rangi. Hiyo ni maabara kamili, na ina waya wa miba kuizunguka.

Kisha mwaka 1963 mmoja wa waliofanyiwa jaribio akachapisha matokeo yake mwenyewe. J. M. Kariuki alikuwa amepitia kambi 14 katika miaka saba. Kitabu chake si riwaya, ni kumbukumbu. Lakini soma jinsi anavyofuatilia chakula, vipigo, njia za kupitisha habari, namna wafungwa walivyopanga madarasa yao wenyewe. Ni macho yaleyale ya mwanaturalisti, yenye subira na yanayohesabu, ila sasa yanatazama kutoka ndani ya ua. Daktari alisema hawa ni wagonjwa. Mgonjwa akajibu kwa ripoti iliyopangika kuliko ya daktari.

Hiki ndicho ninachotaka kusema kuhusu riwaya ya jela ya kisasa. Ilichukua macho ya unaturalisti, ikakataa kuiacha hukumu mikononi mwa koti jeupe. Panya alishika kalamu.

Kitabu cha Kariuki kilitoka mwaka mmoja tu baada ya ile Novemba ya Moscow, kwa hiyo turudi kwa Warusi wawili na paka wao. Na tuanze na daktari mmoja aliyewatangulia, kwa sababu Urusi ilikuwa na koti jeupe la heshima. Mwaka 1890 Anton Chekhov, daktari na mwandishi, alivuka Siberia yote hadi kisiwa cha Sakhalin kilichokuwa gereza. Alikaa huko miezi mitatu akifanya sensa ya wafungwa na walowezi, nyumba kwa nyumba, na kwa maelezo yake mwenyewe alijaza takribani kadi 10,000. Hakwenda kutafuta fuvu la mhalifu. Aliuliza jina, umri, umefika lini, unakula nini. Kuhesabu kulikuwa njia yake ya kumheshimu mtu. Hata hivyo, naye alipanda meli akaondoka.

Mfungwa wa Solzhenitsyn, Ivan Denisovich Shukhov, haondoki. Ni mkulima aliyetekwa na Wajerumani vitani, akatoroka, akarudi kwao, akafungwa miaka kumi na watu wake mwenyewe kwa madai ya kuwa jasusi. Nambari yake imeshonwa kwenye nguo. Siku yake yote ni hesabu ndogo ndogo. Mkate wa asubuhi aule wote au afiche nusu kwenye godoro? Kijiko chake kiko salama ndani ya kiatu? Kipande cha chuma alichookota kitapita ukaguzi? Hakuna mateso makubwa ya sinema. Kuna baridi, kuna uji, kuna foleni, na wewe msomaji ukifika jioni unajikuta umefurahi kwamba jamaa amepata bakuli la ziada. Ndipo unashtuka: kumbe hii ndiyo siku nzuri. Na hukumu yake ni miaka kumi ya siku kama hizo.

Lakini kuna mahali ambapo Solzhenitsyn anavunja sheria ya Zola. Mchana Shukhov anajenga ukuta kwenye baridi kali, na anaujenga vizuri. Anaupenda. Kengele ya kumaliza kazi ikigonga, bado anataka kuweka matofali machache zaidi. Mahali pamemnyima kila kitu, na bado kuna fundi ndani yake ambaye mahali hapakumfikia. Mwanaturalisti halisi angemfuta huyo fundi.

Shalamov alimfuta. Alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1929 na tena 1937, na Kolyma ilimshika hadi mwanzo wa miaka ya 1950. Hadithi zake za Kolyma, alizoandika kwa takribani miaka 20 baada ya kutoka, ni fupi na kavu kama mfupa. Katika moja anaeleza jinsi wafungwa walivyojua kipimo cha baridi bila kuonyeshwa kipimajoto: ukiona ukungu wa barafu, ni kiwango fulani; pumzi ikitoa sauti, imeshuka zaidi; mate yakiganda kabla hayajafika chini, imepita nyuzi 50 chini ya sifuri. Hakuna kulia. Ni kipimo tu, na mwili wa mtu ndio kifaa cha kupimia.

Na hukumu yake ni ngumu kuliko ya Zola. Kazi ngumu, baridi, njaa na vipigo, akasema, vikikutana humgeuza mtu kuwa mnyama kwa wiki tatu. Hakuna somo jema kambini. Kambi ni shule ya ubaya, kwa mfungwa na kwa askari, na mtu hapaswi hata kuwa ameiona. Ndiyo maana paka alimuudhi. Paka yule alikuwa dalili ya kambi ambamo bado kuna kitu cha kubakia. Kama msomaji atakumbuka paka, atadhani ameelewa.

Nimekaa na mabishano haya muda mrefu, na kuna jambo ambalo naona Shalamov mwenyewe analithibitisha bila kulitaka. Kama wiki tatu zingetosha kummaliza mtu kabisa, basi nani aliandika ile barua ya 1962? Mtu aliyekaa Kolyma miaka mingi hivyo, mwili umeharibika, anaketi na kukataa kukubali hata paka mmoja wa uongo kwenye kitabu anachokipenda. Huko kukataa ni nini kama si kile ambacho kambi ilishindwa kukila? Kilichobaki kwa Shukhov ni ufundi wa ukuta. Kwa Shalamov, ambaye hakuamini kwamba kuna kinachobaki, kilibaki kipimo sahihi.

Aliokoka, kwa njia, kwa sababu daktari mmoja mfungwa alimsaidia kuingia kozi ya utabibu mwaka 1946, akawa msaidizi wa daktari hospitalini. Kwa hiyo alivaa vyote viwili, sare ya panya na koti jeupe. Alikufa Januari 1982 bila kuona hadithi zile zikitolewa kama kitabu nchini mwake.

Hapa Kenya maswali hayahaya yalijibiwa bila mtu kumtaja Zola, ingawa historia ina utani wake: mhusika wa riwaya ya uhalifu inayosomwa kuliko zote nchini anaitwa Jack Zollo. Kama ulisoma sekondari ya bweni unamjua. Nakala yake ilikuwa haina jalada, kurasa za mwisho zimeshikiliwa na gundi, na ilikuwa na foleni ya wasomaji mabweni matatu. John Kiriamiti alihukumiwa mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, akaandika My Life in Crime akiwa kifungoni, na kitabu kikatoka 1984, mwaka uleule aliotoka yeye.

Wengi tunakumbuka magari na bastola. Mimi siku hizi nakumbuka jambo lingine: wazazi wa Kiriamiti walikuwa walimu. Ukimpa Lombroso faili hili, hana pa kuanzia. Hakuna damu ya uhalifu, hakuna njaa ya kutupwa. Kuna kijana, kuna jiji la Nairobi la miaka ya 1960, kuna chaguo moja baada ya lingine, na msimulizi hakuombi umhurumie. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, akatoa My Life in Prison, na hapo ndipo unaturalisti unapoingia kwa nguvu. Mbio zimekwisha. Sasa ni kuta, viboko, chakula, wenzake, miaka. Ukisoma vitabu hivi viwili mfululizo utaona jela haikumfanya Zollo mhalifu na si jela pekee iliyomfanya mwandishi, lakini kila ilichomfanyia mwilini kimeandikwa.

Wahome Mutahi alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Safu yake ya Whispers ilisomwa kila Jumapili hata na wasiopenda magazeti. Mwaka 1986, katika msako wa Mwakenya, alikamatwa, akapitia vyumba vya chini ya Nyayo House, kisha akafungwa. Manusura wa vyumba vile wamesimulia giza, njaa, na maji yanayomwagwa sakafuni ili mtu asilale wala asikae. Mwaka 1991 Mutahi akatoa Three Days on the Cross, na mwaka 1992 Jail Bugs. Angalia tarehe. Moi alikuwa bado Ikulu, na alibaki huko miaka mingine kumi. Huwezi kutaja jengo. Huwezi kutaja afande. Kwa hiyo riwaya ya kwanza inasema ni nchi fulani ya Kiafrika, ya kubuni.

Hapo ndipo nilipoelewa mtindo huu unafaa nini. Jina limefichwa, lakini mwili haukufichwa. Ukifuatilia saa kwa saa kiu, hofu, kidonda, swali linalorudiwa hadi mtu akubali ambacho hakukifanya, basi yeyote aliyepitia atajua ni wapi, na yeyote asiyepitia ataamini kuna mahali. Serikali ilifungua milango ya vyumba vya Nyayo House kwa umma mwaka 2003. Riwaya ilikuwa imeshaifungua miaka 12 mapema. Mutahi alifariki mwaka huohuo wa 2003, mwezi Julai.

Na mwaka huohuo tena, Longhorn ya Nairobi ikachapisha Haini ya Adam Shafi. Hii ningependa kila mpenzi wa Kiswahili aisome. Shafi, Mzanzibari, alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa Aprili 1972. Akakaa na habari hiyo miaka 30 kabla ya riwaya kutoka. Ndani yake kuna Hamza, aliyekamatwa baada ya rais wa kisiwa kuuawa, na kuna watu ambao kazi yao ni kumtoa maneno wanayoyataka. Wale wa lugha nyingine huhitaji kufafanua mambo mengi. Shafi ana Kiswahili cha pwani, chenye msamiati wa njaa, wa kiza, wa mwili unaouma, maneno ambayo bibi zetu walikuwa nayo kabla ya serikali yoyote. Na haachi habari ndani ya sero peke yake. Nje kuna mke, kuna nyumba, kuna mtaa ambao umeanza kuogopa kumsalimia. Maabara ina eneo kubwa kuliko ukuta wake.

Kabla ya hao wote, Abdilatif Abdalla alikuwa ameandika mashairi kifungoni kati ya 1969 na 1972, na Ngũgĩ wa Thiong'o riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ akiwa Kamiti mwaka 1978, wote wawili kwenye karatasi za choo. Zola alikuwa na daftari na tiketi ya kurudi. Hawa waliandika juu ya kile kilekile walichopewa kujipangusia. Sijui kipimo kingine cha tofauti kati ya koti na panya kilicho wazi kuliko hicho.

Mbona haya yananishughulisha? Mjomba wangu ana kijana, binamu yangu, tuliyelala kitanda kimoja utotoni. Alikaa rumande miezi minne kwa sababu bondi aliyopewa ilikuwa kubwa kuliko kila kitu ambacho ukoo mzima tuliweza kuchanga. Hatimaye kesi ilitupwa, mlalamishi hakutokea. Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Yanayofaa kwa nani, sisi hatukuulizwa.

Aliporudi, mtaa ulikuwa umeshamaliza kazi. "Huyo ashaharibika." "Jela imemkula." "Si unajua hata babake alikuwa na mambo." Sikiliza vizuri hayo maneno matatu: mahali, wakati, damu. Zola mzima, kwenye kibanda cha chapati, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuingia hata kituo cha polisi. Na ni maneno yaleyale anayoyatumia askari anayekusimamisha saa mbili usiku kwa sababu ya mtaa ulioandikwa kwenye uso wako. Vijana wa huku ni hivi. Wametoka huko, watakuwa vile. Lombroso amevuliwa kofia tu, hajafa.

Binamu yangu alikaa wiki mbili akijibu "poa" kwa kila swali. Halafu usiku mmoja, tukila, akaanza kuhesabu bila kuulizwa. Mlilala ubavu, na mmoja akigeuka mstari mzima unageuka. Sabuni ilinunua nini. Ugali wa siku fulani ulikuwa unene gani, akatuonyesha kwa vidole. Nyapara gani anapokea, gani hapokei. Kunguni wanatoka saa ngapi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewafundisha wawili kusoma kwa kuchora herufi sakafuni kwa maji. Shangazi alitaka kumnyamazisha ili asijiumize. Mjomba akamzuia. Jamaa alikuwa anatupa ripoti, na kila tarakimu ilikuwa inamtoa mikononi mwa mtaa na kumrudisha kwake mwenyewe.

Kwa hiyo nikisikia kwamba unaturalisti ni mtindo wa karne ya 19 uliopitwa na wakati, nakubali nusu. Imani kwamba damu na mahali vinammaliza mtu, hiyo acha ipitwe. Imetuumiza vya kutosha. Lakini ile tabia ya kuhesabu vidole vya ugali, ya kukataa paka asiyekuwepo, ya kutaja harufu kabla ya kutaja haki, hiyo bado tunaihitaji. Riwaya ya jela inayoruka mambo haya na kukimbilia ujumbe inatuachia wafungwa wa mabango. Nao watu wa mabango hawana mtu wa kuwadai mlangoni.

Hadithi nyingi za jela zinazotumwa kwa majarida siku hizi zimejaa machozi na methali, na mwisho wake mfungwa anatoka akiwa ameokoka au amekufa. Tunahitaji nyingine. Rumande zimejaa vijana wa rika letu, na wengi watatoka bila kesi yao kuamuliwa. Kuna mmoja wao anayesoma haya kwenye simu ya kuazima. Kama ni wewe, usianze na haki wala mfumo, hayo tutayaona wenyewe. Tuambie mlikuwa wangapi, mlilala vipi, na maji yalikuja saa ngapi.